Trello kwa timu ya mradi wa maji: inasaidia wapi, inaishia wapi

Nasimamia miradi ya maji ya mserereko, yaani maji yanayoshuka yenyewe kutoka juu bila pampu, kwenye shirika dogo mkoani Morogoro, na timu yetu inafuatilia kazi zake kwa Trello, programu ya ubao wa kadi za kazi, tangu mradi uliopita. Nawaandikia waratibu wenzangu. Sifa na lawama nyingi za programu hii zinatoka kwa watu ambao kazi yao inaanzia na kuishia kwenye kompyuta. Ya kwetu iko mtaroni, stoo, kwenye mkutano wa kijiji na juu ya meza ya mhasibu, yote siku hiyohiyo moja. Nilitaka kujua jambo moja tu: je, itawasaidia watu wa fani tano tofauti waendelee kujenga kitu kimoja? Imesaidia, tena sana, ila kwa masharti ambayo huyakuti kwenye tangazo lake.

Kila mmoja kwenye timu yangu anaijua kazi yake. Mhandisi hupima wiki yake kwa mita za bomba zilizolazwa na kufukiwa. Afisa manunuzi huhesabu oda zilizotoka na mzigo uliopokelewa. Afisa maendeleo ya jamii ana mikutano yake na karatasi za mahudhurio. Mhasibu anataka hati zifungwe kabla ya ripoti ya mfadhili. Jumatatu asubuhi kila mtu alikuwa anasoma taarifa yake, na zote zilikuwa nzuri, na zote zilikuwa za kweli. Ukitoka hapo ukaenda kijijini, unakutana na mama mwenye ndoo kichwani anapandisha kutoka mtoni. Hakuna aliyekuwa mvivu. Mradi wenyewe umeandikwa hivyo: andiko linagawa shughuli, bajeti inagawa vifungu, kila mtu anakabidhiwa kifungu chake na kuulizwa kifungu chake. Mtu ukimwuliza kifungu mwaka mzima, ataishia kukipenda kifungu na kuyasahau maji.

Kundi la WhatsApp halikuwa dawa. Ni zuri kwa habari za papo hapo: gari limekwama, mvua imefunga njia, diwani anakuja kesho. Lakini ombi la malipo lililotumwa Alhamisi saa nne, ifikapo jioni limeshazama chini ya picha za harusi, salamu za pole na michango ya msiba. Anayelihitaji analitafuta kwa kidole mpaka anakata tamaa, anaandika upya, na sasa yapo mawili.

Trello ilizinduliwa mwaka 2011 na kampuni ya Fog Creek Software ya New York, na mwaka 2017 ikanunuliwa na Atlassian kwa dola za Marekani milioni 425. Ukiifungua unaona ubao wenye safu kadhaa zilizosimama, na ndani ya kila safu kuna kadi. Kadi unaihamisha kwa kidole kutoka safu moja kwenda nyingine. Ukiigusa inafunguka: maelezo, orodha ya kuwekea vema, tarehe ya mwisho, picha, maoni, na alama za watu wanaohusika. Ni hivyo tu, na wepesi huo ndio uliofanya watu wangu waipokee. Hakuna aliyepelekwa semina. Hata dereva wetu, mzee tunayempa shikamoo kabla ya kumwambia lolote, aliielewa akiwa bado ananywa chai.

Sasa nifike kwenye kiini, kwa sababu hapa ndipo timu nyingi hupoteza faida ya chombo hiki. Watu wakifungua ubao huweka safu tatu: za kufanya, zinazofanyika, zilizokamilika. Kisha kila mtu anaandika kadi zake. Mhandisi anaandika "Kuchimba mtaro km 4". Manunuzi anaandika "Kuagiza mabomba". Mtu wa jamii anaandika "Mkutano wa uhamasishaji". Baada ya mwezi ubao umejaa, rangi zinapendeza, safu ya zilizokamilika ni ndefu kuliko zote, na umetengeneza upya zile taarifa za Jumatatu, safari hii zikiwa kwenye skrini. Kila mtu bado yuko kwenye kifungu chake.

Sisi kadi moja ni kilula kimoja, yaani kituo kimoja cha kuchotea maji. Mradi wa sasa una vilula 14, kwa hiyo kadi kubwa ni 14, pamoja na chache za chanzo, tenki na bomba kuu. Chukua kadi ya kilula cha shule ya msingi. Ndani yake kuna orodha moja inayowagusa wote: mwenye eneo ameridhia kwa maandishi, mtaro umefika, bomba limelazwa na kupimwa mgandamizo, koki na mita vimefungwa, sakafu ya zege na njia ya maji yanayomwagika vimejengwa, sampuli ya maji imepelekwa maabara, msimamizi wa kilula amechaguliwa na wananchi, fundi amelipwa. Mhasibu na mhandisi wanakutana kwenye kadi ileile. Afisa jamii haweki tena vema kwa sababu mkutano umefanyika, anaweka kwa sababu kuna karatasi ya makubaliano ya ardhi iliyopigwa picha na kubandikwa pale.

Na safu ya mwisho hatukuiita ya kazi zilizokamilika. Imeandikwa: "Maji yanatoka na ada inakusanywa." Kadi haiingii humo mpaka watu wawili wathibitishe, mhandisi na mtu wa jamii. Mhandisi anaweka kipimo cha ndoo ya lita 20, imejaa kwa sekunde ngapi. Mtu wa jamii anaweka picha ya ukurasa wa kwanza wa daftari la makusanyo. Juu kabisa ya ubao, kwenye safu ya pembeni, kuna kadi isiyohama. Imebeba kipimo cha Sera ya Maji ya mwaka 2002: lita 25 kwa mtu kwa siku, umbali usiozidi mita 400, watu 250 kwa kila kituo. Mtu akiingia kwenye mabishano ya kuhamisha kilula kwa sababu mtaro utakuwa mfupi, tunaifungua kadi hiyo na kuuliza nyumba ya mwisho itakuwa mita ngapi. Mabishano hupungua sana pale timu inapobishana na kipimo badala ya kubishana yenyewe kwa yenyewe.

Nitoe mfano mmoja wa faida niliyoiona kwa macho yangu. Bomba la polietilini lenye alama ya PN 10 limetengenezwa kuhimili mgandamizo wa bar 10, yaani maji yaliyosimama kwenye kimo cha mita mia hivi. Kwenye mserereko, mgandamizo hufika kilele usiku, koki zote zikiwa zimefungwa na maji yamesimama. Sehemu ya chini ya mradi wetu iko zaidi ya mita mia chini ya tenki, kwa hiyo bomba na viungo vyake vilitakiwa viwe vya PN 16. Bomba lilikuja. Viungo vya PN 16 havikuja. Kwa utaratibu wa zamani taarifa ingesema manunuzi ya mabomba na viungo yamefika asilimia tisini, na kila mtu angepiga makofi. Kwenye ubao ilionekana kadi tano za vilula zimesimama safu moja, zote zimekwama kwenye mstari uleule.

Aliyeligundua ni mhasibu, si mhandisi. Alikuwa na dokezo la malipo ya viungo hivyo mezani kwake likisubiri zamu, nyuma ya malipo ya kukodi viti na turubai. Akamwuliza mhandisi kwenye maoni ya kadi: "Kaka, hivi viungo ndivyo vinavyozuia vilula vyote vitano? Mbona dokezo limeandikwa vifaa mbalimbali?" Siku hiyohiyo akalipandisha juu. Mhasibu anayejua ni kilula gani kinasubiri saini yake ni mhasibu tofauti kabisa na yule anayejua namba ya kifungu tu, na kwa hilo peke yake naitetea Trello mbele ya yeyote.

Jambo jingine lililotusaidia ni namna ya kuusoma ubao kikaoni. Macho ya watu hukimbilia kushoto, ziliko kazi mpya, kwa sababu kuanzisha kazi kunafurahisha. Sisi tunaanzia kulia. Tunauliza kwanza: kadi iliyo karibu zaidi na safu ya maji yanatoka inahitaji nini leo, na nani aache alichoshika aisukume? Ndipo tunarudi nyuma safu moja. Hili si la kwetu. Kadi za aina hii zina asili yake kwenye viwanda vya Toyota, Japani, ambako Taiichi Ohno aliweka utaratibu kwamba kituo cha mbele ndicho kinachoita vipuri kutoka kituo cha nyuma. Wa nyuma hatengenezi kitu ambacho wa mbele hajakiomba. Kwenye mradi wa maji, wa mbele kabisa ni mtu mwenye ndoo. Tangu tuanze kusoma kutoka kulia, kikao cha Jumatatu kimekuwa kifupi na hakuna anayesoma taarifa. Nawasihi wenzangu mjaribu hili hata kama hamtatumia Trello.

Kuna kiongezi kiitwacho Card Aging, hakilipiwi, nakipendekeza kwa kila mratibu. Kadi isiyoguswa kwa muda huanza kufifia yenyewe, na kadiri wiki zinavyopita inazidi kupauka. Hakuna haja ya mimi kumkumbusha mtu kwa sauti. Dereva ndiye aliyesema siku moja, "Mama, hii ya zahanati mbona imepauka, kuna nini?" Kulikuwa na mgogoro wa mpaka kati ya majirani wawili uliokuwa haujafikishwa kwa mtendaji wa kijiji. Kwa vile dereva hupita kule kila wiki na anawafahamu wazee wote wawili, alikwenda na mtu wa jamii, na makubaliano yakaandikwa. Kazi hiyo haikuwa kwenye majukumu yake. Aliiona kwa sababu ilikuwa kwenye ubao ulio wazi kwa wote.

Kuhusu matumizi ya uwandani: programu ya simu hufanya kazi hata pasipo mtandao, mabadiliko yanajipeleka ukirudi penye mnara. Kwetu hilo ni la lazima, maana vyanzo vya mserereko viko juu milimani na mawasiliano yako chini bondeni. Picha ziwe ndogo, kwa sababu toleo la bure linapokea faili lisilozidi megabaiti 10, na pia kwa kuhurumia bando la fundi.

Nije kwenye mapungufu, na ni ya kweli.

La kwanza ni bei na idadi. Mwaka 2024 Trello waliweka ukomo wa washirika 10 kwa toleo la bure. Timu ya mradi yenye mafundi wasaidizi na mtu wa ufuatiliaji na tathmini inavuka hapo haraka. Ngazi ya kwanza ya kulipia ni dola 5 kwa mtu kwa mwezi ukilipa mwaka mzima, au dola 6 ukilipa mwezi kwa mwezi. Kwa watu 13 hiyo ni dola 780 kwa mwaka. Kwa shirika letu hizo ni fedha ambazo mfadhili atauliza. Malipo yanataka kadi ya benki, na kwa mashirika mengi madogo kupata kadi ya shirika inayokubali malipo ya mtandaoni ni safari ya pekee yake. Tulichofanya ni kubaki na watu 10 ndani, na mafundi wasaidizi wanapitisha taarifa zao kwa fundi mkuu. Inafanya kazi, ila ningependa waone ubao kwa macho yao wenyewe.

La pili linagusa moja kwa moja mfumo wetu wa kadi moja kwa kilula. Kwenye toleo la bure huwezi kumpa mtu mstari mmoja ndani ya orodha, wala kuuwekea tarehe yake. Mtu anawekwa kwenye kadi nzima, na kadi yenye watu sita ni rahisi kila mmoja kudhani mwenzake ataishika. Njia yetu ni kuanza kila mstari kwa cheo kwa herufi kubwa: MHANDISI, MHASIBU, JAMII. Haimtumii mtu ujumbe wa kumkumbusha, lakini kikaoni hakuna anayejificha. Kama mna fedha ya kulipia kitu kimoja tu, lipieni hiki.

La tatu, ubao haujui kwamba kazi moja inategemea nyingine. Tenki lisipokamilika vilula vyote 14 ni bure, lakini Trello itakuachia usogeze kadi za vilula kwa raha zako. Ratiba ya muda kwa mistari iko ngazi ya juu zaidi ya malipo. Ndiyo maana bado tuna jedwali la Excel lenye chati ya Gantt, yaani ratiba ya mistari ya aina hiyo, ambalo mhandisi analitunza na mfadhili analipenda. Halifai kwa kikao cha wote. Nimeona watu wazima wakitazama chati ile kwa heshima, wakitikisa kichwa, bila kujua kesho waanze na nini. Kama shirika lenu linalipia Microsoft 365 tayari, angalieni programu yake ya Planner kabla ya kutoa dola nyingine. Ina kadi na safu vilevile, na mfumo wa kilula kimoja kadi moja unaingia bila shida.

La nne ndilo linalonipa wasiwasi zaidi. Mwaka 2025 Trello walileta sehemu za Inbox na Planner (si ile ya Microsoft), na mwelekeo wa programu ukahamia kwenye kumsaidia mtu mmoja kupanga siku yake: barua pepe zake, kalenda yake, orodha yake. Kwa mtu binafsi ni jambo zuri. Kwa timu yangu ni kurudi kulekule tulikotoka. Mtu akianza siku kwa kutazama orodha yake mwenyewe, atamaliza siku akiwa ameikamilisha, na kilula cha shule hakijui. Nimewaomba wenzangu simu zao zifungukie ubao wa pamoja kwanza, orodha binafsi baadaye. Wamekubali.

Kuna jambo ambalo si kosa la programu lakini litaiua kwenye ofisi yoyote. Ubao unaonyesha nani amekwama, na wakubwa wakiona hivyo hutamani kuutumia kwenye tathmini ya watumishi. Nililikataa hilo mapema mbele ya mkurugenzi, na nashukuru alinielewa. Siku mtu atakapojua kwamba kadi iliyopauka itasomwa kwenye fomu yake ya mwaka, ataigusa kila Ijumaa kwa kuandika "inaendelea", na ubao utakuwa umeshaanza kusema uongo. Kadi iliyokwama itamkwe kama habari ya mradi: kilula kinasubiri nini. Swali la nani kachelewa lina mahali pake, faragha, kati ya mtu na msimamizi wake.

Na Trello haifiki kwa wananchi. Kamati za maji zina watu wenye simu za kitochi, na hao ndio wenye mradi. Kwao tumechora ubao wa kawaida kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, safu zilezile, vipande vya karatasi nene vyenye majina ya vilula. Mtu wa jamii anausogeza kila anapofika, mbele ya mwenyekiti. Anayeanza na bajeti ya sifuri aanze na huo. Nguvu ya utaratibu iko kwenye safu ya mwisho na kwenye kusoma kutoka kulia, na hivyo viwili havihitaji intaneti.

Kwa timu ya watu wasiozidi 10 naipa nyota nne kati ya tano. Ikiwa mko zaidi na hamna fedha ya kulipia, naipa tatu.

Mwisho, fikirieni makabidhiano mapema. Mradi ukiisha unakabidhiwa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, na kumbukumbu zilizomo kwenye kadi ni mali kwao: picha za viungo kabla ya kufukiwa, vipimo vya ndoo, makubaliano ya ardhi. Toleo la bure linakupa kuzitoa kwa faili la JSON, ambalo katibu wa chombo hicho hawezi kulifanyia lolote. Jedwali la kawaida linataka ngazi ya juu ya malipo. Kwa hiyo kila kadi inapoingia safu ya mwisho, tunaichapisha wiki hiyohiyo pamoja na picha zake, nakala moja inakwenda kwenye faili la chombo hicho na nyingine wilayani. Msisubiri mwezi wa kufunga mradi, maana mwezi huo mhasibu hana muda na karani ameshapata kazi kwingine.